Trekta Ndani ya Neno

Mwezi uliopita nilikwama mahakamani. Kazi yangu ni ukalimani: nasimama kati ya hakimu na watu, Kiingereza kinaingia sikioni, Kiswahili kinatoka mdomoni kabla hata sijafikiri. Sijisifu, lakini sijawahi kukwama. Nimetafsiri matusi ya nguoni mbele ya mchungaji, nimetafsiri siri za chumbani huku mke wa mtu akinikazia macho, na sauti yangu haikutetemeka. Siku hiyo ndugu wawili walikuwa wakigombania ploti ya marehemu baba yao. Wakili mmoja, kijana aliyebanwa na suti, akasimama akasema kwamba mgogoro wao sasa ni intractable. Nikafungua mdomo nitafsiri, na mdomo ukabaki wazi.

"Mkalimani," hakimu akaniita. "Mkalimani, tuko pamoja?"

"Anasema… anasema jambo hili limeshindikana," nikawaambia wale ndugu. Halafu nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikalia mpaka miwani ikajaa ukungu. Mwanamke mzima, mvi zimeshaanza kichwani! Karani alipokuja kunigongea mlango nilimwambia nimekula kitu kibaya.

Neno lenyewe nalijua. Nalijua tangu nikiwa darasa la tatu, ila nililijua vibaya, na sijawahi kumwambia mtu yeyote jinsi nilivyolijua. Mume wangu hajui, watoto wangu hawajui. Nawaambia nyinyi wa rika langu, labda kwa sababu hamnijui.

Tulikaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, sebule moja na chumba kimoja, bomba la maji tukichangia na majirani. Baba alikuwa mtu wa reli na mara nyingi hakuwa nyumbani. Mama alishona sare za shule katika duka moja Eastleigh, alienda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi Nafula, na dada yangu Nekesa aliyenizidi miaka minne. Kwa hivyo mama aliitwa Mama Nekesa, na hapo mtaani bado wanamwita hivyo.

Nekesa alikuwa na kifafa. Nyumbani hatukulitumia neno hilo, tulisema tu "anaanguka". Anaweza kuwa anakosha vyombo, mara macho yanapotea, sufuria inalia sakafuni, na yeye yuko chini anatetemeka, povu mdomoni. Watoto wengine walikimbia, waliambiwa ukigusa lile povu utaambukizwa. Pumbavu tupu. Mimi nililifuta kwa sketi yangu mara ngapi sijui. Nilijua kumlaza ubavu, nilijua kuweka sweta chini ya kichwa chake, na nilijua kutosema neno akizinduka, kwa sababu alikuwa anaona haya sana.

Alikunywa dawa asubuhi na jioni. Dawa zenyewe zilimfanya asinzie darasani mpaka akarudishwa nyuma mara mbili, na zilimvimbisha ufizi ukafunika nusu ya meno. Hapo ndipo palipomuuma kuliko kuanguka kwenyewe. Wasichana wa darasa lake walimwita Fizi. Dada yangu akaacha kucheka. Ukimchekesha anaweka kiganja mdomoni, au anakugeuzia mgongo mabega yakitikisika.

Kisha ikaja ile siku ya kliniki. Hospitali siitaji, na daktari hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mtu aliyechoka, foleni ya wagonjwa imemngoja hadi koridoni. Mama alituchukua sote wawili kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mimi. Daktari alifungua faili, akamwuliza Mama Nekesa ameanguka mara ngapi mwezi huo, Mama akasema tisa. Akatikisa kichwa, akamgeukia sista, muuguzi aliyesimama kando yake, akaongea Kiingereza kirefu. Katika Kiingereza hicho chote nilidaka neno moja, kwa sababu alilisema mara mbili.

"Anasemaje, sista?" Mama aliuliza.

"Anasema ni intractable, mama. Endelea na hizo dawa, msiruke hata siku moja."

Basi. Hiyo ndiyo tafsiri tuliyopewa. Leo mimi mkalimani nikikumbuka tafsiri ile natamani kurudi pale nimshike yule sista mabega.

Mama alilibeba neno hilo hadi nyumbani akiwa analirudiarudia lisije likamponyoka. Jirani yetu Mama Brayo, aliyekaa mlango wa pili, alikuwa bombani akijaza mtungi.

"Wamesemaje, Mama Nekesa?"

"Wamesema ni intraktabo."

"Woi! Intraktabo!" Mama Brayo akashika kiuno, akatikisa kichwa kwa uchungu, na nawaapia hakujua hata chembe ya maana yake. Lakini alikuwa mwanamke wa heshima, hakutaka kumwacha Mama peke yake na neno kubwa hivyo.

Mimi nilijua. Ndivyo nilivyodhani. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kwamba neno kubwa halitishi, ni kama muwa, unalikata vipingili unatafuna kimoja kimoja. Handbag: hand, bag. Washable: wash, able. Nikakaa ngazini pale mlangoni na daftari la mazoezi, nikalikata neno la daktari. In ni ndani. Able ni kuweza. Na katikati? Katikati palikuwa na trekta. Ndani ya trekta, anaweza.

Msinicheke. Au chekeni tu, hata mimi ningecheka kama lisingekuwa langu. Mtoto gani wa Kaloleni wa wakati wetu hakuijua trekta? Trekta ya kanjo, yaani baraza la jiji, ilikuja kuzoa taka kila Jumanne na Ijumaa, nyekundu iliyopauka, ikivuta trela. Uliisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Ilikuja na harufu ya dizeli, maganda ya ndizi yaliyooza na maji ya samaki, na watoto wote tukaifuata tukipiga kelele. Mtoto niliyekuwa mimi hakuona ajabu yoyote. Kama kuna dawa ya kuchoma sindano na dawa ya kunusa, kwa nini kusiwe na dawa ya kutikiswa? Dada yangu alitetemeka akianguka. Trekta ilitetemesha mtu akipanda. Nikaona akili ya daktari ilivyofikiri, nikamheshimu.

"Ati trekta?" Nekesa akaniambia nilipomwonyesha daftari.

"Nimeskia na maskio yangu. Alisema mara mbili."

"Wewe hujui Kizungu."

"Najua kukuliko. Soma mwenyewe. In. Tractor. Able."

Alisoma. Alifuata kwa kidole, kipande kwa kipande, midomo ikicheza. Kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna mtu aliyewahi kumwambia anaweza.

Likizo ya Agosti ilikuwa imeanza, ile ya baridi na manyunyu. Duka alikoshona Mama lilikuwa na kazi nyingi za muhula uliokuwa unakuja, kwa hivyo alianza kutoka asubuhi mapema na kurudi jioni amechoka kabisa. Zamani alikuwa akimsimamia Nekesa mpaka ameze, akimwambia fungua mdomo nione. Sasa akaanza kuniachia mimi vidonge kwenye kifuniko cha chupa ya maji. "Nafula, hakikisha amemeza. Asubuhi na jioni. Umesikia?" Nilisikia. Nilijiona mkubwa kweli.

Dereva wa trekta alikuwa mzee mmoja wa Kikamba aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulimwita Mzee Mutiso. Ijumaa ya kwanza nilisimama mbele ya trekta mikono nimeitanua.

"We kasichana, unataka kunifutisha kazi?" akafoka.

"Mzee, tafadhali, mbebe dada yangu. Ni mgonjwa. Daktari ameandika."

Sijui alielewa nini. Nadhani alimwona Nekesa amesimama pale kando na kitambaa chake kichwani, mrefu, mwembamba, amejiinamia, akamhurumia. Akashuka, akamwinua, akamketisha juu ya bamba linalofunika gurudumu, lile la upande wa kushoto, akamwambia shika hapa usiachilie. Mimi nikarukia nyuma yao. Tukazunguka mtaa mzima, tukapita ukumbi wa kijamii tuliouita Sosho, tukipiga kona kwenye matope, wale wanaume wa kuzoa taka wakitupungia sepetu. Na dada yangu akacheka! Alicheka mdomo wazi, ufizi wote nje, mikono imeshika chuma haiwezi kufunika kitu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kikohozikohozi, kama ya Baba. Nilikuwa nimeisahau.

Wiki hiyo hakuanguka, na Jumanne tukapanda tena. Jumatano nikamletea vidonge kwenye kifuniko, akaviangalia.

"Za nini sasa?" akasema. "Si nimepata dawa yangu?"

Laiti angeishia hapo, labda ningesita. Lakini akagusa ufizi wake kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nikiacha utarudi chini?" Nikamjibu utarudi, bila kujua lolote, kwa uhakika ule wa mtoto aliyepata mia kwa mia kwenye kuvunja maneno. Tena si yeye aliyezitupa. Nataka hilo lieleweke. Mkono ni wangu. Nilitoka na kifuniko, nikazimimina kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba, asubuhi, jioni, siku baada ya siku. Mama akirudi anauliza, "Amemeza?" Nami namjibu amemeza.

Siku tisa. Katika siku hizo tisa alikuwa macho. Aliimba akifua. Alisimama mlangoni akamsalimia Mama Brayo kabla ya kusalimiwa. Nikimkumbuka dada yangu, mtu mzima yule ambaye angekuwa, huwa nazikumbuka siku hizo, halafu najichukia kwa kuzipenda.

Alianguka Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi, akiwa anachambua mchele. Nilimlaza ubavu, nikaweka sweta. Nikahesabu kimoyomoyo kama Mama alivyonifundisha, na siku nyingine zote nikifika mia alikuwa ameshatulia. Nilifika mia mbili. Nilifika mia tatu. Midomo yake ikaanza kuwa rangi ambayo sikuijua.

Sasa, mtoto mwenye akili angefanya nini? Angepiga kelele. Mama Brayo alikuwa pale pale, ukuta mmoja, namsikia akitwanga njugu. Mimi nilitoka mbio nikapita mlango wake, nikaenda kutafuta trekta. Nilikimbia mpaka Sosho, nikakimbia mpaka barabara kubwa, miguu mitupu, namwuliza kila mtu, trekta iko wapi, mmeona trekta? Mtu mmoja akaniambia, "Msichana, leo si Alhamisi?" Nilijua ni Alhamisi. Niliendelea kukimbia.

Niliporudi palikuwa na watu mlangoni. Mama Brayo alimsikia akigonga mguu wa meza kwa kisigino, akaja. Walimwinua wakampeleka hospitali kwa pikapu ya jirani, na mtu akatumwa Eastleigh kumwita Mama. Dada yangu alikufa mchana huo, kifafa hakikumwachilia hata mara moja. Mama aliporudi jioni alikuwa na kiatu mguu mmoja tu. Alinishika mabega akauliza, "Ulikuwa wapi? Nafula, ulikuwa wapi?" Mama Brayo akanijibia. "Mwache mtoto. Alikuwa amekimbia kutafuta msaada. Nimemwona na macho yangu akipita mbio." Mama akanikumbatia akalia juu ya kichwa changu. Hapo ndipo uongo wangu ulipozaliwa, na si mimi niliyeusema.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuta kamusi nene kwenye maktaba ya shule, zile zinazoeleza neno lilizaliwa wapi. Nilikaa nayo siku tatu kabla sijathubutu kulifungua lile langu. Ilisema ni la kitu kisichoshughulikika, tatizo lisilotatulika, ugonjwa usiosikia dawa. Asili yake Kilatini. Able ilikuwa able kweli. Katikati palikuwa na neno la kale la kushika na kuburura, lililotoka kwenye kuvuta, na trekta nayo ni ya shina hilo hilo kwa kuwa kazi yake ni kuvuta. Trekta ilikuwamo! Tatizo lilikuwa in. Pale in si ndani. Ni ya kukana, kama si yetu. Haivutiki, haishikiki, haiwezekani. Nilikuwa nimekosea herufi mbili.

Kiswahili chetu kina jina lake, sugu. Ugonjwa sugu. Nalipenda zaidi hilo, kwa kuwa sugu pia ni ile ngozi ngumu ya kiganjani inayokua mahali paliposuguliwa sana, na ukiibonyeza huhisi kitu. Yangu nahisi.

Niliwahi kumwuliza daktari mmoja, nikajifanya naulizia jirani. Mtu mwenye kifafa sugu akiacha dawa ghafla, itakuwaje? Akasema ni hatari sana, mtu anaweza kushikwa asiachiliwe. Nikauliza, na kama dawa zenyewe hazikuwa zikimsaidia? Akasema basi angeweza kushikwa hivyo hata akiwa anazimeza. Nikauliza, sasa mtu atajuaje ni lipi lililomuua? Akaniangalia vizuri, akasema, "Hawezi kujua, mama." Nimelizungusha jibu hilo kila upande tangu siku hiyo. Nikilishika kwa huku mimi ni muuaji, nikilishika kwa kule mimi ni mtoto tu.

Baada ya kukwama kule mahakamani nilipiga moyo konde. Baba ameshafariki, Mama anazeeka, na nikaona hawezi kuondoka bila kujua. Jumamosi nikaenda Kaloleni. Nilimkuta nje ameketi kwenye kigoda, ungo magotini, anachambua mrenda. Nikaketi karibu naye, nikaanza kuchambua.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Ni kuhusu Nekesa."

Hakuinua kichwa. "Hata mimi nina swali," akasema. "Acha niulize mimi kwanza, kwa sababu nimelikalia miaka mingi na wewe ndiye msomi wetu. Lile neno la daktari. Intraktabo. Maana yake hasa ni nini?"

"Ni ugonjwa usiosikia dawa, Mama."

"Hausikii kabisa?"

"Hausikii."

"Kwa hivyo hata akimeza zote, bila kuruka?"

"Hata akimeza zote."

Mikono yake ikatulia juu ya ungo. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeacha kumwangalia akimeza. Wiki zile za kazi nyingi. Mama gani anaachia mtoto wa miaka minane dawa ya mwenzake? Baba yako aliniuliza hilo swali mara moja tu, tukiwa tumetoka kumzika. Miaka yote niliyoshona, sindano ikipanda ikishuka, nilikuwa najiuliza." Akanigeukia. Macho yake yana ukungu sasa, inabidi akusogelee. "Lakini ulikuwa unampa, sivyo?"

Maneno yalikuwa yameshafika ulimini, yote, mtaro na kifuniko na siku tisa. Ningeyasema angejua hakuwa na kosa. Ningeyasema angejua ni nani aliyekuwa nalo, na mtoto aliyebaki naye duniani ni mmoja tu. Nimetafsiri maisha ya watu mbele ya mahakimu, na hapo sikuweza kupata sentensi moja.

"Nilikuwa nampa, Mama," nikasema. "Kila siku."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye utomvu wa mboga.

"Kuna siku nilikushuku," akasema. "Mungu anisamehe, mtoto mdogo vile, nilikushuku. Na wewe unisamehe, mwanangu."

Nikamwambia nimemsamehe.